Ringi za 57 ndani ya silinda ya 57.8: kisa cha Vespa P150X

Vespa hii ya Unguja ni P150X, na namba ya injini inaanza na VLX1M. Ilifungwa ringi mpya, zile pete za chuma zinazozunguka pistoni na kuziba gesi, miezi mitatu kabla ya kufunguliwa tena, na tangu siku hiyo haikukaa sawa. Asubuhi inawaka kwa kiki ya pili au ya tatu. Ikishapata moto, ukiizima dakika tano tu mbele ya duka, utapiga kiki kumi na tano mpaka jasho likutoke. Ikibeba abiria, gia ya nne haivuti. Kabureta ilisafishwa mara mbili, plagi ikabadilishwa, koili nayo ikabadilishwa, na hali ikarudi ileile. Dalili iliyokuwa wazi muda wote ni kiki yenyewe: inashuka hata kwa kusukumwa na mkono, haina ubishi.

Geji ya kompresheni, yaani ya kupima mgandamizo wa gesi ndani ya silinda, injini ikiwa ya moto na aksileta imefunguliwa yote, ilisoma 70 psi. Geji hiyohiyo kwenye injini nzima ya aina hii husoma 110 hadi 120. Geji mbili hazikubaliani kila mara, kwa hiyo namba ya kulinganisha ni ile ya geji moja kwenye injini mbili.

Kabla ya kulaumu ringi, kuna mawili ya kuondoa njiani. La kwanza ni sili za kranki, zile raba za kuziba oili na hewa. Sili ya upande wa klachi ikivuja, injini ya tustroki hunyonya oili ya gia na kutoa moshi mweupe mzito. Hapa moshi ulikuwa wa kawaida na oili ya gia haikupungua. La pili ni hedi. Kwenye P150X hedi haina gasketi, inakaa chuma juu ya chuma, na ikivuja huacha weusi kwenye mzunguko wa maungio. Hapakuwa na weusi. Silinda ikatolewa.

Pistoni ilisema mengi kabla ya kifaa chochote cha kupimia kutolewa. Chini ya ringi, hadi karibu na tundu la pini, sketi, yaani ubavu wa pistoni, ilikuwa na rangi ya kahawia iliyoungua, alama ya moto unaopita pembeni. Ringi zenyewe zilikuwa na uso wa mabakamabaka: hapa inang'aa, pale ni nyeusi, na penye weusi mistari ya mashine ya kiwandani bado inaonekana. Ringi iliyotembea miezi mitatu inatakiwa ing'ae mzunguko mzima. Penye mistari ya kiwandani haijawahi kugusa ukuta wa silinda.

Kila ringi iliingizwa ndani ya silinda peke yake, ikasukumwa kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa bila kuinama, kisha mwanya kati ya ncha mbili ukapimwa kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi. Chini kabisa ya silinda, ambako ringi hazifiki kwa hiyo ukuta haujalika, mwanya ulikuwa 2.8 mm. Juu, karibu na mwisho wa safari ya ringi, 3.0 mm. Kwa ringi mpya ya silinda ya ukubwa huu mafundi hufuata 0.20 hadi 0.35.

Swali linalofuata ndilo la maana. Mwanya wa 2.8 unaweza kuwa wa ringi iliyokwisha, au wa ringi ambayo tangu mwanzo si ya silinda hii. Jibu lilishapatikana usoni mwa ringi, maana kitu ambacho bado kina mistari ya kiwandani hakijalika. Hesabu inathibitisha. Mzunguko ni kipenyo mara 3.14, kwa hiyo kila tofauti ya 0.1 mm kwenye kipenyo huleta 0.31 mm kwenye mwanya. Toa mwanya halali wa 0.25 kwenye 2.8, inabaki 2.55. Gawa kwa 3.14, unapata 0.81. Chini ya silinda palipima 57.82 mm, hivyo ringi hii ilitengenezwa kwa silinda ya takriban 57.0.

Na 57.0 si namba ya bahati mbaya. Ukiomba dukani "ringi za mia na hamsini, stendadi", umeomba vitu vitatu kwa wakati mmoja. Vespa P150X ina kipenyo cha 57.8 na mwendo wa pistoni wa 57, ujazo sentimita za ujazo 149.56. Bajaj Chetak, ile ya magurudumu mawili iliyotengenezwa India tangu 1972 kwa asili ya Vespa, enzi ambazo bajaji haikuwa bado jina la chombo cha abiria, ni 57 kwa 57, yaani 145.45. Lambretta Li 150 ya Innocenti wa Milan ni 57 kwa 58, yaani 148. Zote tatu zimebandikwa 150 ubavuni. Mbili zinatumia silinda ya 57, na Chetak inafanana na Vespa kiasi kwamba muuza spea anayetoa pakiti moja kwa zote mbili haoni kosa lake. Ringi inaingia kwenye mfuo, ule mfereji wake kwenye pistoni, silinda inashuka, injini inawaka. Hakuna kinachogoma.

Hapo ndipo fundi wa kwanza alipoteleza, na aliteleza mahali ambapo dakika mbili za fila geji zingemwokoa. Ringi haikupitishwa ndani ya silinda kabla ya kufungwa kwenye pistoni.

Mwanya mpana peke yake hauiui injini. Gesi inayopita kwenye ncha inabanwa na nafasi finyu iliyopo kati ya pistoni na ukuta, ndiyo maana injini yenye mwanya wa 1 mm huendelea kutembea bila malalamiko makubwa. Kinachoua ni umbo na nguvu. Ringi hutengenezwa iwe duara kamili pale tu inapobanwa hadi kipenyo chake halali. Hii ilibanwa hadi 57.82 badala ya 57.0, kwa hiyo iligusa vipande na kupita hewani kwingine. Ikiwa huru mezani, mwanya wake ulikuwa 7 mm. Ilitakiwa kubanwa kutoka 7 hadi 0.25, na ikaishia 2.8. Yaani imesukuma ukuta kwa zaidi kidogo ya nusu ya nguvu yake. Ongeza hatari ya milango, yaani matundu ya kupitishia gesi ukutani mwa silinda: pini ndogo iliyomo kwenye mfuo huzuia ringi isizunguke, ili ncha zipite kwenye ukuta mtupu kati ya mlango na mlango. Mwanya wa 3 mm unazisogeza ncha hizo kuelekea kwenye kingo za milango. Ncha ikichungulia mlangoni, inakatika, na kipande kinaondoka na uso wa silinda.

Sasa ringi za kununua. Vitu vinne huamua: kipenyo cha silinda iliyopo mkononi, unene wa mfuo, umbo la ncha mahali pa pini, na aina ya uso. Maandishi ya pakiti ni ya tano, na uzito wake ni mdogo.

Silinda ilipimwa kwa boa geji, kifaa cha kupimia kipenyo cha ndani, katika kina cha aina tatu, kila kina mara mbili kwa mwelekeo wa msalaba. Chini 57.82. Juu kidogo ya mlango wa ekzosi 57.86 upande mmoja, 57.85 upande mwingine. Juu, mwisho wa safari ya ringi, 57.89. Ukuta hauna mikwaruzo inayokwama ukucha. Kwa hiyo tofauti ya juu na chini ni 0.07, na tofauti ya mwelekeo ni 0.01. Kwa chuma cha zamani hiyo ni silinda nzuri.

Ingekuwa 0.15 au zaidi, mazungumzo yangebadilika. Ringi ndani ya silinda yenye umbo la koni hupanuka na kubanwa kila pistoni inapopanda na kushuka, inalika haraka na kuila mifuo. Hapo pesa ya ringi ni bora iende kwa fundi wa kukereza silinda. Ovasaizi, yaani saizi kubwa za baada ya kukereza, za Vespa ya 150 zinapanda kwa 0.2: 58.0, 58.2, 58.4. Mtego ni kwamba silinda iliyolika hadi 57.95 haina nyama ya kutosha kusafishika vizuri kwenye 58.0, hivyo mara nyingi inaruka moja kwa moja hadi 58.2. Na pistoni inunuliwe kwanza, mkerezaji aipime mwenyewe ndipo akate. Kukata kwa kufuata namba ya kwenye sanduku ndiko kunakozaa pistoni zinazokamata siku ya kwanza.

Hapa ringi peke yake zinatosha, za 57.8.

Upande wa mfuo, pistoni haikuwa ya kiwandani bali ya kununua, haina jina linalosomeka. Juu ya kichwa ina mshale na namba tu. Pistoni za kununua zinazoingia silinda hii zipo zenye mifuo ya 2.0 mm na zenye mifuo ya 2.5, kwa hiyo modeli ya skuta haikuambii kitu. Mifuo ilisafishwa kwa kipande cha ringi kuukuu kilichonyooshwa ncha kwa tupa, kikikokotwa taratibu ili kitoe masizi bila kuchuna alumini. Masizi yaliyogoma yalilowekwa kwenye mafuta ya taa usiku mmoja. Ukipima mfuo wenye masizi utapata namba ya uongo, na ringi mpya itakwama ndani yake wiki ya kwanza. Baada ya kusafishwa, mfuo wa chini ulipima 2.04 na wa juu 2.07. Wa juu huwa mbovu zaidi kwa sababu ndio unaokula moto.

Seti nne zilipatikana dukani, zote zikiitwa za Vespa 150.

Ya kwanza, 57.8 yenye unene wa 2.5. Haiingii kwenye mfuo, na hiyo ni heri, maana inajikataa yenyewe. Wapo wanaoisaga ubavu juu ya kioo kwa msasa mpaka iingie. Ringi ya namna hiyo haiwi na unene mmoja kote. Itashika mahali na kucheza mahali pengine. Kinyume chake, ringi ya 2.0 ndani ya mfuo wa 2.5, ni kosa lililo baya zaidi kwa sababu inaingia kwa ulaini. Itagonga juu na chini kila mzunguko, itaupanua mfuo, mwisho itavunjika.

Ya pili, 58.0 kwa 2.0. Hii ndiyo inayoshawishi. Hoja yake ni kwamba silinda imelika kidogo, basi tuchukue ovasaizi tuikate ncha. Tupige hesabu: ringi ya 58.0 yenye mwanya wa 0.25 kwenye 58.0, ukiiweka kwenye 57.82 inapungukiwa 0.57, maana yake ncha zinapandana kwa 0.32. Ili kurudi kwenye 0.25 utakata zaidi ya nusu milimita. Ncha hizo zina mkato mdogo wa kukalia pini. Ukizikata kiasi hicho, mkato unafupika, na ringi ikibanwa ncha zinapanda juu ya pini badala ya kuikumbatia. Kukwangua 0.05 au 0.1 kurekebisha mwanya ni kazi ya kawaida. Kukata nusu milimita ni kutengeneza ringi upya bila mashine.

Ya tatu ilikuwa 57.8 kwa 2.0, kipenyo sawa, unene sawa, na ikakataliwa kwa sababu ambayo haionekani ukiwa umesimama kaunta. Pini ya pistoni hii imekaa katikati ya mfuo, kwa hiyo inataka ncha zilizochongwa upande wa ndani, kwenye tumbo la ringi. Ncha za seti hii zilichongwa ubavuni, kwa ajili ya pini iliyokaa pembeni mwa mfuo. Kipimo chake ni kidole. Weka ringi kwenye mfuo, mwanya mbele ya pini, bana kwa kidole gumba na cha shahada mpaka ncha zikaribiane. Uso wa ringi lazima uzame ulingane na ukuta wa pistoni au uingie ndani zaidi kidogo. Seti hii ilibaki imechomoza kama nusu milimita penye pini. Ringi iliyochomoza hivyo, silinda ikishuka juu yake kwa nguvu, inavunjika hapohapo au inabana ukuta ikiwa ndani.

Ya nne ilipita. 57.8 kwa 2.0, mkato wa ndani, inazama vizuri mzunguko mzima. Nafasi ya ubavu, fila geji ikipitishwa kati ya ringi na mfuo, ilikuwa 0.05 chini na 0.08 juu. Ya juu ni kubwa kidogo lakini bado inakubalika. Ingevuka 0.12 pistoni ingebadilishwa. Ndani ya silinda, mwanya chini ulikuwa 0.25 na juu 0.47, tofauti ya 0.22, sawasawa na 0.07 mara 3.14. Hesabu na fila geji zikikubaliana namna hii, ujue boa geji haikudanganya.

Mwanya unaohesabika kwa usalama ni ule wa chini, mahali pembamba. Ukirekebisha mwanya ukiwa juu, penye upana, ringi ikishuka ncha zinaweza kugusana. Chuma cha ringi hii kina mzunguko wa takriban 181.6 mm, na kila nyuzi 100 za joto kinarefuka kama 0.2 mm. Silinda nayo inatanuka, lakini inachelewa nyuma ya ringi hasa dakika za mwanzo. Ncha zikigusana ringi haina pa kwenda ila kusukuma ukuta, na hapo ndipo pistoni inapokamata.

Kuhusu uso, silinda hii ni ya chuma cha kutupwa, kwa hiyo ringi ya chuma kitupu inafaa na ya kromu pia inafaa. Ile isiyoruhusiwa ni kromu juu ya kromu, yaani ringi ya kromu ndani ya silinda iliyopakwa kromu. Seti iliyochaguliwa ilikuwa na kromu usoni, na hiyo inalazimisha jambo moja: ukikwangua ncha, tupa iende kutoka usoni kuelekea ndani, kamwe si kutoka ndani kwenda nje, la sivyo kromu inabanduka kwenye ukingo.

Kioo cha silinda, yaani mng'ao wa ukuta wake, kilivunjwa kwa honi, kifaa cha kusugulia chenye mawe ya 220, mafuta mengi, mpaka ukaonekana msalaba wa mistari. Hii si kukereza. Haiondoi kipimo, inatoa mng'ao ambao ringi mpya haiwezi kujisugulia. Kingo za milango zilipitishwa msasa laini zisikate ringi. Kisha silinda ikaoshwa kwa maji ya moto na sabuni, mara mbili, hadi kitambaa cheupe kikatoka cheupe. Petroli peke yake haitoi unga wa mawe, inauhamisha tu. Baada ya kukauka ikapakwa oili mara moja, maana kwa hewa ya chumvi ya pwani kutu inaanza kabla hujamaliza chai.

Kufunga kulikuwa kwa kawaida. Alama ya herufi ubavuni mwa ringi inatazama juu. Mshale wa pistoni unaelekea ekzosi. Klipu za pini ni mpya, za zamani hazirudi, na mdomo wa kasha la kranki unazibwa kwa kitambaa kabla ya kuzigusa. Mwanya wa kila ringi unakaa kwenye pini yake, unahakikishwa kwa jicho dakika ileile silinda inapokaribia. Silinda inashushwa kwa mkono tu, ringi moja moja ikibanwa kwa kucha. Ikikataa, irudishe, tazama. Usiizungushe kulia na kushoto ili iingie, maana ncha ya ringi itaingia mlangoni na utasikia mlio mdogo kama wa kijiti kikavu. Nati za hedi ni za M7, zikazwe kwa msalaba kwa awamu tatu, mwisho kati ya 13 na 18 Nm. M7 ni nyembamba. Mkono uliozoea nati za pikipiki za kisasa unazikata.

Oili kwenye petroli ilibaki asilimia 2, mililita 20 za oili ya tustroki kwa lita. Kuongeza oili maradufu ili "kulainisha ringi mpya" kunapunguza petroli katika mchanganyiko huo, na injini inatembea kavu zaidi ya ilivyopangwa. Ringi hujikalisha kwa kubanwa na gesi, kwa hiyo mwendo wa taratibu uleule wa kuburura barabara nzima hausaidii. Kwa kilomita 500 za mwanzo aksileta ifunguliwe na kufungwa, nusu hadi robo tatu, isikae wazi kabisa kwa muda mrefu, na injini isibebeshwe mzigo kwenye gia ya juu.

Siku ya kufungwa geji ilisoma 95. Baada ya kilomita 300, ileile ikasoma 115, na kiki ikawa inambeba mtu juu yake kidogo kabla ya kushuka. Ikiwa ya moto inawaka kwa kiki ya kwanza au ya pili. Kwenye kilomita 500 nati za hedi ziliguswa tena, injini ikiwa baridi, na mbili zilikuwa zimelegea kidogo.

Kwenye kisanduku cha mbele, ndani ya mfuniko, yaliandikwa kwa kalamu ya rangi: silinda 57.8, juu 57.89, ringi 57.8 × 2.0, pini katikati, mkato wa ndani. Ringi moja ya 57 iliyotolewa ilifungwa kwenye mfuko wa nailoni na kuwekwa pamoja na spana ya plagi, ili siku nyingine muuza spea akitoa "za mia na hamsini" ziwekwe moja juu ya nyingine hapohapo kaunta.